Mahame Yana Wenyewe

Makala hii naiandika nikiwa Mwandiga, katika baraza ya nyumba ya baba yangu, kando ya barabara iendayo Manyovu. Wasomaji wangu wa siku nyingi wamezoea kuniona nikiandika kuhusu bajeti, katiba na uchaguzi. Leo naomba mnivumilie niandike kuhusu mawe. Nitajitahidi kuonesha, kabla sijaweka kalamu chini, kwamba mawe nayo ni siasa.

Jambo lenyewe lilianzia darasani. Katika somo langu la historia ya maendeleo upo mhadhara mmoja juu ya kilimo cha umwagiliaji katika jamii za kale. Kwa miaka kadhaa mhadhara huo niliujenga juu ya Wainka wa Peru. Nilikuwa nikionesha picha za Machu Picchu, makazi yaliyojengwa katikati ya karne ya 15 juu ya milima ya Andes, kwenye kimo cha mita 2,400 hivi. Nilieleza jinsi walivyokata matuta katika miteremko mikali na kuyazuia kwa kuta za mawe, na jinsi walivyoyaongoza maji kwa mifereji. Ulikuwa mhadhara mzuri, na wanafunzi waliupenda.

Mwaka mmoja kijana kutoka Monduli alinyoosha mkono. "Samahani, Dokta," alisema, "umewahi kufika Engaruka?"

Sikuwa nimefika. Nilikuwa nimelisoma jina hilo mara moja tu, katika tanbihi ya kitabu cha Kiingereza, nilipokuwa ughaibuni nikisomea shahada ya uzamivu. Darasa lilicheka kidogo, kwa adabu. Nami nilitumia maneno ambayo sisi walimu huyatumia tunapobanwa: swali zuri, tutalirudia. Sikulirudia. Muhula ulikwisha, mitihani ikasahihishwa, kijana akapata alama zake. Lakini swali lake halikuniacha, kwa kuwa nilijua kilichokuwa nyuma yake. Mtu aliyezaliwa Kigoma na kusomeshwa kwa kodi ya wakulima wa Tanzania alikuwa akiwafundisha watoto wa wakulima hao kwamba ukitaka kuona akili ya mkulima wa kale, sharti uvuke bahari mpaka Amerika ya Kusini.

Likizo ndefu iliyofuata nilimtafuta kijana yule, akaniunganisha na mjomba wake, mtu wa makamo anayewaongoza wasafiri kwa miguu katika nyanda za juu za Ngorongoro. Tulikwenda wahadhiri watatu. Pamoja nasi walikuwa yule mwongoza njia, askari wa wanyamapori mwenye bunduki, na kijana mmoja aliyeswaga punda watatu waliobeba mahema na chakula. Tulianzia Nainokanoka, tukapita Bulati, tukalala ukingoni mwa kreta ya Empakaai, ambayo ndani yake mna ziwa.

Sitawachosha kwa habari za malengelenge ya miguu. Itoshe kusema kwamba mtu aliyezoea kutembea kutoka ofisini hadi darasani hujua umri wake siku ya pili ya safari kama hiyo. Usiku wa Empakaai una baridi ya kukufanya utamani kulala na viatu. Asubuhi ukungu ulipofunguka tuliuona Ol Doinyo Lengai, mlima ambao Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu, volkano ambayo bado iko hai, na mbele yake tambarare ya Bonde la Ufa ikiwaka kwa jua. Mwongoza njia alinyoosha fimbo yake kuelekea chini kabisa, penye mstari wa kijani chini ya ukuta wa bonde. "Engaruka ni pale," alisema. "Maji ya huku juu ndiyo yanayoshuka pale."

Sentensi hiyo ilikuwa na somo zima ndani yake, ila niliielewa baadaye. Tuliteremka tangu alfajiri, kutoka kwenye msitu wa mvua na ukungu mpaka kwenye nchi ya miiba na vumbi. Magoti yalitetemeka. Punda, ambao hawana shahada, walitutangulia. Kutoka ukingo wa kreta mpaka chini ya ukuta ule mtu hushuka karibu mita elfu mbili, na kadiri unavyoshuka mvua inapungua. Anayeishi chini kule hawezi kulima kwa kuisubiri mvua. Sharti aukamate mto pale unapotoka mlimani, kabla haujanyweka na mchanga wa tambarare.

Na hivyo ndivyo walivyofanya watu wa Engaruka. Mtu akifika kwa mara ya kwanza huona marundo ya mawe tu. Kisha jicho likizoea, mistari inaanza kujitokeza. Mawe yale yamepangwa. Kuna kuta fupi zilizogawa ardhi vipande vipande, mfano wa daftari la hesabu, na kuna mifereji iliyotandikwa mawe kandokando, ikipita katikati ya mashamba hayo kwa mteremko mdogo ambao fundi wa leo angeupima kwa vifaa. Juu kidogo, kwenye miteremko ya ukuta wa bonde, kuna majukwaa ya mawe ambayo juu yake zilisimama nyumba. Vijiji vilikuwa saba, vimejipanga chini ya ukuta huo. Mashamba yalienea kwa takribani hekta 2,000. Hakuna chokaa wala udongo wa kugandisha. Ni jiwe juu ya jiwe. Watu hao walilima mtama, na wataalamu wameona dalili kwamba ng'ombe walifugwa zizini na samadi yao ikarudishwa shambani. Yote haya yalikuwa hai kati ya karne ya 15 na ya 18. Wakati Wainka wanaweka mawe yao Machu Picchu, kuna watu walikuwa wakiyaweka ya kwao hapa, bila ya wawili hao kujuana.

Niliketi juu ya ukuta mmoja, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu ya ualimu niliona aibu isiyo na mtu wa kunishuhudia.

Hatuwezi kusema kwamba Engaruka ilifichika. Mjerumani Gustav Fischer alipita hapo mwaka 1883 na kuandika juu yake. Louis Leakey alifika mwaka 1935, akahesabu maelfu ya nyumba na kukadiria kwamba huenda waliishi hapo watu 30,000 hadi 40,000, makadirio ambayo watafiti waliomfuata wameyaona kuwa makubwa mno. Hamo Sassoon alichimba katika miaka ya 1960, naye John Sutton akaendeleza kazi hiyo baadaye. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964. Maarifa yapo. Ila yamekaa katika majarida ambayo mwalimu wa sekondari ya Mto wa Mbu hayafikii, na ambayo mhadhiri wa chuo kikuu, nikijitolea mfano mwenyewe, huyafikia lakini hayafungui.

Nilimuuliza mwongoza njia, "Waliojenga hapa walikuwa akina nani?"

"Si sisi," alijibu. "Sisi ni watu wa ng'ombe. Aliyejenga hapa aliondoka."

"Alikwenda wapi?"

Alinitazama kwa muda. "Mwalimu, wewe ndiye uliyesoma. Mimi nilidhani umekuja kuniambia."

Nilimweleza ninachokijua. Wapo wanaowahusisha watu wale na Wairaqw, na wapo wanaowahusisha na Wasonjo, ambao mpaka leo wanamwagilia mashamba yao kwa mifereji si mbali na hapo. Kuhusu kuondoka kwao, yanatajwa mambo kadhaa: mito kupungua maji, udongo kuchoka, wafugaji kuingia bondeni. Alisikiliza, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akasema jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike makala hii. Alisema kwamba babu yake alizaliwa Moru, ndani ya Serengeti ya leo, na kwamba familia yake ililetwa Ngorongoro wakati wa sheria ya mwaka 1959, ilipoamuliwa kuwa Serengeti ibaki ya wanyama. "Moru nako kuna mahali pa boma letu," alisema. "Mgeni akipita pale leo ataambiwa habari za simba. Hakuna atakayemwambia kwamba bibi alijifungulia hapa."

Kiswahili kina neno linalofaa hapa. Gofu ni jengo lililobomoka. Mahame ni mahali palipohamwa, na neno lenyewe limebeba kitendo cha watu ndani yake. Gofu linaweza kuwa la yeyote, hata la mizimu. Mahame yana wenyewe. Ukisema mahame, umeshakiri kwamba kuna mtu aliyefunga mzigo wake akaondoka, na una wajibu wa kuuliza ni nani, alikwenda wapi, na ni nani aliyemwambia aondoke.

Hata Machu Picchu, tukiisoma vizuri, inatufundisha jambo hilohilo. Vitabu vinasema iligunduliwa mwaka 1911 na Hiram Bingham, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Yale. Lakini Bingham alipelekwa na mkulima wa bonde lile, Melchor Arteaga, kwa ujira wa sol moja. Alipofika juu alizikuta familia za wakulima zikilima katika matuta yale ya kale, na mtoto mdogo wa kiume ndiye aliyemzungusha miongoni mwa kuta. Kilichogunduliwa kilikuwa na watu ndani yake. Peru ilidai kwa miaka mingi vitu vilivyochukuliwa kupelekwa Yale, na chuo kilianza kuvirudisha mwaka 2011. Leo hakuna anayeruhusiwa kuifuata njia ya Wainka bila mwongoza njia, na kwa siku wanaoruhusiwa kuianza hawazidi 500, wapagazi wakiwemo. Taifa liliamua kwamba mawe yale ni mali, na mali hulindwa.

Sisi tumeamua nini? Wakati nchi inajadili namna ya kuvuna magadi katika bonde la Engaruka, mradi ambao Shirika la Maendeleo la Taifa limeushughulikia kwa miaka mingi, ni wangapi kati yetu wanaoweza kusema bondeni mle kuna nini kingine? Na huko juu tulikopita na punda, tangu mwaka 2022 wakazi wa Ngorongoro wamekuwa wakihamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema wanahama kwa hiari yao. Wapo wenyeji na watetezi wa haki wanaopinga maelezo hayo. Msimamo wangu juu ya mgogoro huo mnaujua, nami sitaurudia hapa. Leo nauliza swali dogo zaidi, ambalo hata wanaotofautiana nami wanaweza kulijibu: boma linapovunjwa, nani anaandika jina la mahali pale, kaburi lilikuwa wapi, kisima kilikuwa cha nani?

Nilirudi kutoka Engaruka nikiwa na swali hilo mdomoni, tayari kuwauliza wakubwa. Kumbe lilikuwa linanisubiri nyumbani.

Baba yangu amevuka miaka themanini. Hunitania kwa kuniita daktari asiyejua hata kutibu mafua. Nilipofika Mwandiga nilimkuta barazani akichambua maharage, nikamsimulia safari: punda, baridi, mawe, maneno ya yule mwongoza njia kuhusu Moru. Alisikiliza bila kuacha kuchambua. Nilipomaliza nikamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa: "Baba, na sisi kabla ya hapa tulikuwa wapi?"

Mkono wake ulisimama. "Yamekwisha hayo," alisema, akaingia ndani.

Nilijua, kama kila mtoto wa mkoa huu anavyojua, kwamba mwaka 1972 ilipita Operesheni Kigoma. Waha walikuwa wakiishi vilimani, kila mji na migomba yake, mbali na jirani. Operesheni iliwateremsha na kuwakusanya katika vijiji vya ujamaa. Mwaka uliofuata, mwezi Novemba, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri kwa nchi nzima. Hayo nimeyafundisha. Nimeyatungia hata maswali ya mtihani. Ila sikuwahi kumuuliza mtu aliyekuwepo, naye alikuwa akinilipia ada.

Jioni ya siku ya pili baba alianza mwenyewe. Mwaka ule, alisema, alikuwa kijana wa TANU, mwenye kujua kusoma na kuandika, na kwa hiyo ndiye aliyepewa orodha. Orodha hiyo ilikuwa na majina ya wakuu wa miji ya kilima chote, pamoja na tarehe ambayo kila mmoja alipaswa kuwa ameshuka. Jina la kumi na moja lilikuwa la babu yangu, yaani baba yake.

"Alikataa?" niliuliza.

"Hakukataa. Alisema nyumba iezuliwe na mwanangu mwenyewe, nisije nikamlaani mtoto wa mtu mwingine." Alinyamaza kidogo. "Nikapanda juu nikaezua."

Nilitaka kumwambia neno la kumfariji, la kisomi pengine, kuhusu nguvu za dola na mtu binafsi. Namshukuru Mungu nilinyamaza. Ndipo akasema jambo ambalo wakosoaji wa ujamaa, nami nikiwa mmoja wao, huwa tunalipita haraka: "Na shule uliyosomea wewe ilijengwa hapa kwa sababu watu walishuka. Usisahau kuandika na hilo." Naliandika. Bila kijiji cha 1972 huenda shahada hizi nisingekuwa nazo. Haki inadai yote mawili yasemwe, na yasemwe na mdomo uleule.

Siku iliyofuata tulipanda. Tulichukua bodaboda mpaka ilipoishia njia, kisha baba akatangulia na mkongojo wake. Nimewahi kuongozwa milimani na mtu wa kazi hiyo, lakini sijawahi kuongozwa kama siku ile. Kila mwendo wa dakika tano alisimama kupumua, na kila aliposimama alitaja jina la mji uliokuwa mahali pale, nami nikaandika. Hapa palikuwa pa fundi wa mizinga ya nyuki. Pale pa mjane aliyekuwa na binti watano. Pale walishuka usiku kabla ya tarehe yao, na hakuna aliyejua walikoelekea. Mbele ya macho yangu palikuwa na majani na mashamba ya mihogo tu. Mbele ya macho yake palikuwa na mitaa.

Mji wa babu nisingeutambua. Kuna michikichi mitatu mizee, ambayo haikujiotea yenyewe. Chini ya mmoja baba alifukua majani kwa mkongojo, yakaonekana mawe mawili yenye weusi wa moto wa zamani. Alitafuta la tatu kwa muda mrefu, hakuliona. Yalikuwa mafiga ya bibi. Baba alisema siku ile mama yake alitaka kuyabeba, naye akamwambia ayaache, kijijini wangepewa mengine. Hatukusema zaidi.

Nina majina kumi na tisa katika daftari. Orodha ya mwaka 1972 ilikuwa na majina arobaini na moja. Baba anakumbuka idadi lakini hayakumbuki yote, na wenzake wa kuwauliza wamebaki wawili, mmoja hasikii. Kutoka 1972 mpaka leo ni muda mfupi kwa historia. Engaruka iliachwa karne mbili na zaidi zilizopita, nasi tunashangaa kwamba wenyewe hawajulikani. Hatuna sababu ya kushangaa. Kusahau hakuhitaji karne. Kunahitaji kizazi kimoja kisichouliza na kingine kinachoona aibu kusema.

Kwa hiyo nina maombi matatu, nayo si ya gharama. Kwa watumishi wa serikali: kila mpango wa kuwahamisha watu, kwa sababu yoyote ile, bwawa, hifadhi, mgodi au barabara, uwe na daftari moja zaidi ya lile la fidia. Liandikwe jina la mahali, wenye makaburi, wenye visima, na walikokwenda, na nakala ibaki katika ofisi ya kijiji. Fidia hulipwa mara moja ikaisha. Daftari hilo ndilo litakalomjibu mjukuu. Kwa wanaharakati: tunapotetea ardhi ya watu tuwaulize pia majina ya mahali, maana anayeweza kutaja kila bonde ana ushahidi ambao ramani ya hifadhi haina.

Na kwa wanafunzi wangu: kabla ya kutafuta mada ya tasnifu mtandaoni, nendeni nyumbani mkamwombe mzee mmoja awapeleke alikokuwa akiishi. Akisema yamekwisha, msiondoke. Subirini mpaka kesho yake jioni.

Mhadhara wangu nimeuandika upya. Wainka bado wamo, katika nusu saa ya mwisho. Kijana wa Monduli amekwishahitimu, lakini nilimpigia simu kumwambia kwamba swali lake nimelirudia. Alicheka, akaniuliza kama nilipata jibu. Nikamwambia nimepata majina kumi na tisa.

Kesho asubuhi tunapanda tena. Baba anasema mwili ukikubali tutaanzia upande wa pili wa kilima.